Kiganja cha Waithira Ukutani

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Waithira ni kiganja chake. Alikuwa amekibandika kwenye ukuta wa kinu chake cha kusagia mahindi kule Kimbo, huku akinitukana. Kusimama miaka mingi kando ya injini ya dizeli kulikuwa kumemharibu masikio. Injini aliisikiliza kwa mkono. Watu aliwasoma midomoni. Hakuna aliyeweza kumsengenya mbele yake, naye hakumsamehe aliyejaribu.

Mwaka huu, 1996, mwenye ploti ya Kimbo alimfukuza. Mahali pekee alipopata ni kibanda cha mabati kule Landless, Thika, kinachotazamana na madrasa ya Mwalimu Yahya. Wakazi walimkataa kabla hajaleta hata gunia moja. Kamati ya mtaa ikaniomba nitabiri kelele itakayofika madrasani, kwa kuwa nilikuwa nimehitimu fizikia karibuni na mhadhiri wangu aliniazima kipima sauti.

Kule Kimbo, nilikokwenda kuipima injini kabla haijahamishwa, kinu kilielekea shamba wazi, sauti ikapotelea huko. Landless mabati yanatazamana na mabati, yangerudishiana sauti hiyo. Nilibakiza kupima kelele ya kawaida ya mtaa, niilinganishe na ya kinu.

Siku ya kipimo nilikuta Landless kimya kama chumba cha mtihani. Redio zote zilikuwa zimezimwa na watoto wamefungiwa ndani. Fundi wa sufuria alikuwa ameikalia nyundo yake. Mara vijana wawili waliotumwa na Waithira wakaanza kugonga madebe nyuma ya duka moja.

"Mwalimu, huu ndio utulivu wenu?" Waithira alifoka. "Hapa hata kuku wananong'ona?"

"Na hawa wagonga madebe wamekuwa wapangaji tangu lini?" Yahya alimjibu, akimwelekezea uso aisome vizuri midomo yake. "Mama, unatuletea kelele usiyoisikia, tuisikie kwa niaba yako."

Watu wakacheka. Waithira aliwatazama mmoja mmoja.

"Basi mahindi yenu mtasaga kwa meno," akasema. Kisha akanigeukia. "Na wewe, daktari wa kelele, andika."

Nilikataa. Mtaa niliotakiwa kuupima haukuwapo siku hiyo.

Nilirudi asubuhi nyingine bila kumwambia mtu, redio zikiimba na sufuria zikigongwa. Nikatabiri hivi: bomba la moshi la injini likiachwa wazi, mwalimu hatasikika; likielekezwa kwenye shimo lililojazwa mawe, na ukuta wa matofali ukijengwa upande wa madrasa, atasikika hadi benchi la mwisho.

"Karatasi haipigi kelele," alisema Yahya. "Nitaamini injini."

Waithira hakuniamini pia, lakini alichimba shimo mwenyewe, akiutupa udongo kwenye ua wa Yahya kila alipomwona. Ukuta nao ukasimama. Walikubaliana jambo moja tu: injini ijaribiwe Jumamosi darasa likiendelea, na msomaji wa mbele asiposikika nyuma, Waithira aiuze.

Leo ndiyo Jumamosi. Yahya amekaa benchi la mwisho na msichana mmoja anasoma mbele. Waithira hamwamini mwalimu, wala hamwamini msichana, wala mimi. Amevua viatu mlangoni, ameingia darasani, amebandika kiganja ukutani.

"Mwambieni awashe," anasema.

Kupitia dirisha la pembeni, pale ukuta wa matofali unapoishia, ninamwona fundi wa injini ameiinamia, hendeli ya kuiwashia mkononi. Bado hajaizungusha.