Wanza na Mshono Uliokataa Kunyooka

Wanza Muasya alikuwa na miaka arobaini na mitatu alipoanza kujifunza kushona sandali za ngozi katika soko la Kariokor, Nairobi. Kazi yake ya kusafisha ofisi ilikuwa imekwisha, na bintiye Ndindi bado alikuwa shuleni. Aliyemfundisha ni Zedekiah Ondiek, fundi mzee ambaye macho yake yalikuwa yakififia. Mwisho wa mwezi mzee angerudi kwao Siaya kupumzika, na alishasema wazi: nafasi yake sokoni ataichukua Wanza, mshono wake ukimridhisha. La sivyo, atampa fundi mwingine.

Basi mama wa watu akajitosa. Kila jioni, kwenye chumba chake kule mtaa wa Pipeline, alishona mabaki ya ngozi mpaka vidole vikavimba. Uzi mmoja, sindano mbili, na kila tundu sindano zote mbili zipite, hii kutoka huku, ile kutoka kule. Baada ya wiki mbili akampelekea mzee mfuko mzima.

Mzee alipitisha kidole gumba juu ya mshono, pole pole.

"Umeshona vipande vingapi?"

"Themanini, mzee."

"Basi umekosea mara themanini. Hapa umetanguliza sindano ya kulia. Hapa ya kushoto. Hapa kulia tena. Mshono unapepesuka kama mlevi."

Mwanzia, muuza mishipi wa kibanda cha pili, akacheka. "Mama Ndindi, hiyo ngozi ilikukosea nini?"

Wanza akainamisha uso, machozi karibu. Mzee akamvutia kigoda.

"Siku ya kwanza nilikuambia ya kulia itangulie. Nikakuambia mara moja tu, nikakuacha. Hilo ni kosa langu. Weka mikono yako juu ya yangu."

Akashona, Wanza akifuata kwa vidole: kulia, kisha kushoto, kisha mikono yote kuvuta kwa nguvu sawa. Wakabadilishana. Wanza akianza na kushoto, mzee anamgonga kifundo cha mkono. Ikawa hivyo siku nne.

"Ukiwa nyumbani," mzee alimwambia, "mdomo wako ndio uwe mimi."

Lakini mikono ilikuwa imeshazoea ubaya. Alianza upya, akitamka kila tundu: kulia, kushoto, vuta.

"Mathe, sasa unaombea viatu?" Ndindi aliuliza.

"Naombea mikono yangu. Wewe soma."

Siku ya mwisho ya mwezi akaleta jozi nzima ya sandali. Kidole cha mzee kikatembea juu ya kiatu cha kwanza chote bila kusita. Kwenye cha pili, kilipokaribia kisigino, Wanza akashindwa kunyamaza.

"Mzee, hapo mbele kuna tundu moja nilitanguliza kushoto. Nimelijua nikiwa nimeshafunga uzi."

Kidole kikafika, kikasimama.

"Nani alikuonyesha?"

"Hakuna mtu. Mikono yenyewe ilishtuka."

Mzee akageuka. "Mwanzia, huyu ndiye jirani yako kuanzia kesho. Usimsumbue."

"Nimsumbue mimi? Atanishona mdomo."

Mzee akainuka, akamwachia nafasi. Wanza akakaa, moyoni akimshukuru Mungu, akashika wembe, akaufumua ule mshono wa kisigino. Mzee akasimama pembeni, mkoba begani, akangoja mpaka Wanza alipomaliza kuushona tena, ndipo akaaga.