Mapera ya Chini

Nilipokuwa mtoto, sauti moja iliniamsha usiku nyumbani kwetu Butiama: kaka yangu Magesa akisaga meno gizani. Nilipomshika tumbo, chini ya mbavu za kulia palikuwa na uvimbe mgumu kama kiazi kibichi.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa ametuonya. Aliachika huko Guta akarudi kukaa nasi, na kila msimu wa mapera wimbo wake ulikuwa mmoja: "Yaliyoanguka waachieni mijusi. Wanayanyeaga hayo. Mtaota kitu tumboni."

"Mbona mjusi mwenyewe hajaota, shangazi?" Magesa alimtania, akatafuna.

Kwetu iliaminika kwamba anayelitaja baya kabla halijaja ndiye aliyelituma. Baba alitoa sanduku la shangazi nje.

"Nililisema ili lisije, kaka."

"Ulijuaje?"

Shangazi alijitwika sanduku lake. Alikwenda Kisorya, akavuka ziwa hadi Ukerewe. Baba akakataza jina lake lisitajwe nyumbani, maana kulitaja ni kumwita.

Hospitalini Musoma, daktari aliupapasa uvimbe akasema huenda ni saratani. Walimpasua Magesa, wakakata kipande cha utumbo, kikapelekwa kupimwa. Mama alianza kumlilia mtu aliye hai.

Majibu yakaja. "Si saratani," daktari alisema. "Ni fangasi."

"Fangasi si wa miguuni?" mama aliuliza.

"Hawa ni wa tumboni, mama. Adimu sana. Hukaa hata kwenye matumbo ya mijusi na vyura. Walivyomwingia kijana, siwezi kusema."

Magesa alimeza dawa miezi mingi, akapona.

Siku ile ya majibu tulirudi Butiama na baba. Nilisubiri aende Ukerewe kumrudisha shangazi. Hakwenda. Hofu ya baba ilimfukuza shangazi siku moja. Aibu ya baba ndiyo iliyomzuia shangazi asirudi miaka yote. Alifia huko, nasi tukapata habari ameshazikwa. Nami nilikuwa nimekua, ningeweza kuvuka kumwona, lakini sikuvuka. Hata katika simulizi hii nimemwita shangazi tu, bila jina.

Mwaka huu Magesa alipata binti. Mtoto alilia siku tatu mfululizo, na kwetu mtoto wa namna hiyo anadai jina la marehemu. Wazee walimtajia bibi huyu na yule, akazidi kulia. Baba, ambaye sasa ni mzee, alimpokea, akaweka kiganja juu ya tumbo lile dogo. Kisha akalitaja mwenyewe jina alilolikataza.

"Dada yangu," alisema. "Wakuru."