Nilivyobadilisha Vibandiko

Mimi na shoga yangu tulitoka mtaa wa Shika Adabu sote wawili, tukisomea kazi ya maabara. Mwaka wa mwisho mwalimu alitupa swali: vimeng'enya vinavyovunja monoamini, zile kemikali ambazo neva hupelekeana habari kwazo, hukaa sehemu gani ya figo? Kila mtu aweke kipande chake juu ya kioo, akitie dawa inayogeuka zambarau penye vimeng'enya, akitazame kwa hadubini, kisha ajibu.

Asubuhi mapema tulinunua figo mbili za mbuzi Likoni, kwenye bucha.

"Tuzitie barafu upesi," akaniambia. "Zikikaa kwenye joto, vimeng'enya vitaharibika."

Yake akaitia. Yangu niliiacha mezani ndani ya mfuko, nikaenda kula mahamri, nikanogewa na soga. Niliporudi, jua lilikuwa limeipiga kitambo.

Kioo changu kilitoka cheupe. Chake, subhanallah! Zambarau ilikuwa imeshika kuta za mirija ya tabaka la nje, ile inayorudisha maji na chumvi mwilini, na vile vichujio vya duara vilivyo baina yake vikabaki hafifu. Jibu lilikuwa pale pale, wazi. Akatoka kwenda kuswali adhuhuri. Nikavibandua vibandiko vya majina, nikavibadilisha.

Mwalimu alikiinua kile kioo cheupe mbele ya darasa zima. "Huyu amezembea," akasema. Shoga yangu akainamisha kichwa.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani akanambia, "Wallahi nilidhani changu ndicho kilichoshika rangi. Kumbe nilikuwa natazama chako?"

"Huenda," nikamjibu.

Mwalimu akanichagua mimi nimsaidie katika utafiti wake, na kazi niliyo nayo leo ilianzia hapo. Mwenzangu hakuendelea na masomo. Anapima malaria kwenye zahanati moja Changamwe.

Mwaka jana nilimwendea, nikamwambia yote.

"Mimi nilijiona sifai," akasema. Kisha akauliza, "Na mwalimu, umemwambia?"

Sikuwa nimemwambia. Nikamfuata kwake Bamburi, alikohamia baada ya kustaafu, nikamkuta akimwagilia mipapai. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kwa upole, "Huyo mwenzio alikuwa yupi?"

Nikamweleza kimo chake, sauti yake, mahali alipokuwa akikaa darasani. Akatikisa kichwa. Hakumkumbuka. Alinikumbuka mimi tu.