Pikipiki, Gari, na Macho ya Mume Wangu

Kwa miaka mingi mimi na mume wangu tulikuwa na ubishi mmoja usiokwisha: tuendelee na pikipiki au tutafute gari. Tunaishi Bigwa, chini kabisa ya mlima, katika nyumba tuliyoijenga wenyewe chumba kwa chumba. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi upande wa Mzumbe. Yeye alikuwa fundi seremala, na karakana yake ilikuwa Msamvu, katikati ya njia. Kila asubuhi alinipeleka mimi kwanza hadi shuleni, kisha akarudi kufungua karakana. Mabasi yalikuwepo, lakini alikuwa akisema mke wake hapelekwi kazini na mtu mwingine wakati yeye ana magurudumu mawili.

Mimi nilikuwa upande wa gari. Masika ikianza, njia yetu hugeuka tope, nami nilikuwa nikishuka shuleni sketi imelowa hadi magotini, watoto wananisalimia huku macho yao yako miguuni kwangu. Kiangazi lilikuwa vumbi. Helmeti ilinivurugia nywele hata niwe nimesuka jana yake. Lakini kilichonitisha hasa ni malori yaendayo mpakani Tunduma. Lori likitupita, upepo wake ulituvuta kama unatuita.

Yeye alikuwa upande wa pikipiki. Gari, alisema, haliwezi kupanda kwa mama yake kule juu mlimani, ambako njia ni ya mbuzi na watu. Gari linakula mafuta hata likiwa limesimama kwenye foleni. "Tena gari lina maringo," aliniambia. "Likiugua, mtaa mzima unajua."

"Na pikipiki ikituua?"

"Mwalimu, nimeendesha tangu sijakuoa. Imekuua mara ngapi?"

Aliniita mwalimu, nami nilimwita fundi. Ndivyo tulivyozoeana.

Sijui hasa ilianza lini. Ninachokumbuka ni kwamba alianza kuniuliza tukiwa njiani: "Mwalimu, kulia kuna kitu?" Naangalia, namjibu hakuna. "Na kushoto?" Mwanzoni nilidhani ananichangamsha, maana asubuhi mimi si mtu wa maneno. Baadaye nikajiambia umri umemfundisha uangalifu, nikafurahi.

Kisha asubuhi moja, palepale Bigwa, aligusa tenga la ndizi la mama mmoja aliyekuwa amesimama ukingoni mwa barabara. Ndizi zikamwagika. Mama yule alifoka, na haki alikuwa nayo. Mume wangu akashuka, akainama kuziokota huku akimwomba radhi, na mimi nikawa namtazama. Kulikuwa na kichane kizima kando ya mguu wake wa kushoto. Alikipapasa huku na huku kama mtu anayetafuta sindano, mpaka mama wa ndizi mwenyewe akanyamaza, akamtazama, kisha akanitazama mimi.

Jioni nilimuuliza. Akasema jua lilimpiga machoni. Asubuhi ile kulikuwa na ukungu.

Haukupita muda mrefu, tukaanguka Msamvu. Lori lilitokea upande wa kulia, taratibu tu, likiwa linaingia barabara kuu. Nilidhani analiona. Nilipotambua kwamba hapunguzi mwendo nilipiga kelele, akafunga breki, pikipiki ikalala ubavu nasi pamoja nayo. Lori lilisimama. Hatukuumia sana, goti langu lilichubuka na kiganja chake kikachanika. Watu walitunyanyua, wakatusogeza pembeni, wakamlaumu dereva wa lori. Mume wangu akawazuia.

"Msimseme. Sikuliona."

"Lori zima, fundi?" nikamuuliza.

Alikuwa ameketi chini, helmeti mapajani. "Sikuliona, mke wangu. Siku nyingi sioni pembeni. Naona mbele tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akajibu kwamba aliogopa akisema tu, litakuwa kweli.

Daktari wa macho tuliyemwendea alikuwa dada wa umri mdogo, mpole, aliyemwamkia shikamoo kabla hajagusa chombo chochote. Alimpima muda mrefu. Kisha akatueleza kwamba ni presha ya macho, na kwamba ugonjwa huo huja kimya bila maumivu, ndiyo maana wengi huchelewa.

"Nitaona tena kama zamani?" mume wangu akauliza.

"Baba, kilichopotea hakirudi. Haya matone ni ya kulinda kilichobaki. Usiache hata siku moja."

"Na pikipiki?"

Yule dada alinitazama mimi kwanza. "Hapana, baba."

Aliyeinunua pikipiki alikuwa mkulima wa mboga wa huko juu, aliyetaka ya kuteremshia karoti na kabichi sokoni. Mume wangu aliizunguka huku mkono wake ukipita juu ya tangi, kiti na taa, akimweleza tabia zake. "Asubuhi ya baridi usiilazimishe. Ipe muda, itaitika yenyewe." Walipopeana mikono aliingia ndani, akakaa chumbani mpaka mlio ulipopotea mlimani. Nilimpelekea chai. Alikuwa amekaa kitandani, viatu bado miguuni.

Basi ubishi wetu ukaishia hapo. Nilijifunza udereva nikiwa mtu mzima, mikono ikinitoka jasho hadi usukani unateleza. Tukapata kigari kidogo kilichokwisha kutumika. Siku kilipoingia uani, mume wangu alifungua mlango na kuufunga, akaufungua tena. "Milango yake inakaa vizuri," akasema. Kwa seremala hiyo ni sifa kubwa, nami nilijua ananisifia ili nisilie.

Sasa nikawa mimi ninayempeleka. Nilimshusha Msamvu, ambako fundi mwenzake alikuwa ameshika kazi za msumeno na randa, yeye akabaki na msasa. Kigari hakikutulowesha wala kututia vumbi. Vioo juu, tulivu. Nami nilipata amani kidogo, mpaka nilipogundua kwamba kila baada ya muda ananiuliza, "Tumefika wapi?"

Siku moja nikamwambia, "Fundi, njia hii umeipita maisha yako yote."

"Kwenye pikipiki nilikuwa najua," akasema. "Kabla ya kutoka Bigwa kuna baridi ya mlimani inakupiga shingoni. Mjini kuna maandazi. Hapa Msamvu moshi wa mabasi. Ukitoka huku kwenda kwako, pale Mindu kuna upepo wa bwawa. Humu ndani hakuna kitu. Macho yamenifungia sanduku moja, na hili ni la pili."

Niliteremsha vioo vyote. Tangu siku hiyo tulikwenda vioo chini, hata mvua ikinyesha, na nilifika shuleni nimelowa bega moja. Jumamosi moja nilimpeleka hadi Mindu, tukasimama kando ya maji. Upepo ulikuwa mwingi. Akaniuliza kama milima ya Uluguru iko wazi. Nikamwambia iko wazi, wingu liko kileleni tu.

"Mimi naona weupe," akasema. "Lakini endelea."

Nikaendelea, nikamtajia mabonde na mashamba na miti mpaka sauti ikanikauka.

Karakana nayo ilimwacha kwa namna yake. Alikuwa amepiga msasa ubao wa kichwani wa kitanda cha maharusi, siku mbili za kazi. Kesho yake akaupapasa tena, mwanzo hadi mwisho. Kisha akamuuliza fundi mwenzake, "Nani amepita juu ya kazi yangu?" Mwenzake alijaribu kukwepa, halafu akakiri: ubao ulikuwa na mawimbi, akaurudia ili mteja asikasirike. Hakuwa amefanya ubaya. Mume wangu alimshukuru, akamkabidhi funguo, na jioni ile aliniambia mkono wake bado unajua ubao laini ukoje, ila haujui tena kuufikisha hapo peke yake.

Asubuhi iliyofuata sikumkuta amevaa. "Leo nenda tu, mwalimu," akasema. Nikauliza, na kesho? Akasema na kesho.

Akanisindikiza hadi getini, mkono ukifuata ukuta. Nilitoka na gari, nikarudi nyuma kidogo kupisha baiskeli ya maziwa, kisha nikakata upande wa pili wa barabara. Nilipotazama kwenye kioo alikuwa amesimama wima, ameinua mkono, ananipungia. Lakini aliupungia upande niliokuwepo mwanzo, kwenye barabara tupu.

Nikapiga honi, kidogo tu.

Akageuka, akanipungia upya.