Lotoko Iliyogeuka Maziwa

Siku yangu ya kwanza kazini niliharibu bidoni nzima, dumu zima la pombe. Nasema wazi ili nyie vijana msidhani nilizaliwa na ufundi. Ilikuwa Swima, kijiji cha kando ya ziwa, kwa mama tuliyemwita Mama Prezidenti, kwa sababu ndiye aliyeongoza bamama wote waliopika lotoko pale. Lotoko ni pombe kali ya mihogo na mahindi: unachachusha, unachemsha ndani ya pipa lililozibwa, mvuke unapita kwenye bomba lililozamishwa ndani ya maji baridi, unatoka matone.

Ya kwanza kutoka tunaita kichwa. Hiyo inamwagwa chini, hakuna mjadala, inaua. Inayofuata ni moyo, kali na safi. Ya mwisho ni mkia, nzito, ina mafuta na harufu ya mbwa aliyenyeshewa. Sasa moyo haunyweki hivi hivi, unachoma koo, lazima upunguzwe kwa maji. Mimi nikachota ndoo ziwani, nikaimimina yote mara moja. Ee mama eh! Kitu kilichokuwa kinang'aa kikawa maziwa mbele ya macho yangu. Nilidhani nimelogwa.

"We! Nani alikuambia maji ya ziwa?" Mama Prezidenti alikuja mbio, kitenge kinataka kumdondoka. "Maji ya ziwa iko na chumvi yake. Lotoko inataka maji ya mvua, na unatia kidogo kidogo, unangoja, unatia tena. Uko na haraka ya kwenda wapi?"

Hakunifukuza. Aliweka bidoni pembeni siku tatu, unga mweupe ukatua chini, akaichuja kwa pamba na makaa yaliyosagwa. Ikatoka safi kabisa. Nilipiga magoti nikaiangalia, nikacheka peke yangu kama kichaa.

Kutoka Swima alinituma Lulimba, kwa wachimba dhahabu, chini ya bwana mwenye ghala la pombe, tuliyemwita Chefu wa Depo. Huyo hakuwa na subira hata chembe. "Bachimbaji habaangalie rangi, mama, banataka ichome tu!" Kwake ndiko nilikojifunza uvivu wa kuacha mkia uingie kidogo kwenye moyo ili bidoni ijae upesi. Tabia hiyo nilirudi nayo nyumbani, mjini Baraka, nilipokuwa sasa fundi mwenyewe, na nusura imnyime mdogo wangu mke.

Mdogo wangu Wilondja, anayeniita Yaya, yaani dada mkubwa, alikuwa amemposa Faila, binti wa kijiji cha Lweba. Desturi ya ukoo wao ni hii: kabla ya mazungumzo ya mahari, mjomba wa binti anapokea chupa ya lotoko na kuweka kiganja nyuma yake. Akiona mistari ya mkono, mnakaa. Asipoiona, mnarudi kama mlivyokuja, na pale Lweba mwanaume mwingine mwenye mtumbwi wa injini alikuwa anangoja nafasi. Nilipika mwenyewe, nani mwingine angepika? Asubuhi ya safari nikatia maji ya mvua, kidogo kidogo, kama nilivyofundishwa. Ikawa maziwa.

Wilondja akachungulia. "Yaya, iko nini hii?"

"Toka hapa!"

Nikachuja kwa makaa, wapi! Hapo ndipo nikaelewa kwamba si chumvi, ni mafuta ya mkia. Chumvi inatua chini. Mafuta hayatui, yanakaa tu yanakutazama. Kwenye pombe kali yanayeyuka, maji yakizidi yanajitokeza. Basi dawa yake ni kurudisha ukali. Nikachukua moyo safi niliobakiza, nikatia kijiko, kijiko, kijiko. Hakuna. Nilikuwa nalia, nawaambia kweli. Kwenye kijiko sijui cha ngapi, ukungu ule ukaondoka wote kwa pamoja, nikaona vidole vyangu upande wa pili wa chupa. Mungu wangu! Nimepika maisha yangu yote na bado sina neno la kusema juu ya dakika ile.

Kule Lweba, mjomba, mzee mrefu mwenye kofia, aliinua chupa mlangoni penye jua, kiganja nyuma. Faila alikuwa ameinama kando yake, maana binti ndiye anayeshika glasi. Mzee akamnong'oneza jambo. Kisha mzee akasema, "Bakwe, mukae." Nilikaa kabla ya wote.

Sasa nimestaafu. Mgongo ulikataa mapipa, Faila ndiye anayepika, na ananishinda, sioni haya kusema. Nyie mnaoanza, mwageni kichwa, kateni mkia mapema, na siku mtakayoacha kuishangaa kazi hii, tafuteni nyingine. Juzi tukichambua ndagala, dagaa wa ziwani, kule uani nilimfungulia Faila siri yangu, kwamba chupa yake asubuhi ile ilikuwa maziwa. Akacheka mpaka akaweka ungo chini.

"Yaya, we haukujua? Macho ya mujomba ilikuwa imekufa zamani! Alikuwa ananiuliza mi, polepole: 'Faila, unaona mistari?'"

Nikashtuka. "Na we ulisema nini?"

"Nilisema naona yote. Na ilikuwa kweli, chupa ilikuwa safi." Akachukua ungo wake. "Lakini hata ingekuwa maziwa, Yaya, ile mistari ningeiona."