Mchezo Uliokimbiza Mtaa

Harufu ya petroli ya jenereta, ikichanganyika na ya plastiki iliyopata moto, hunirudisha utotoni mpaka leo. Wiki iliyopita ilinikuta katika ukumbi wa shule ya mwanangu, tulipoitwa wazazi wote kuzungumzia michezo ya video. Umeme ulikatika, jenereta likaanza kunguruma nje ya dirisha, na mwalimu mkuu akatuonyesha ukutani mchezo ambao watoto wetu huucheza kwa kujificha. Askari alipigwa risasi, damu ikatapakaa kioo kizima. Basi kelele! Huyu anataka simu zote zikusanywe, yule anasema watoto waachwe wacheze, mwingine analaumu wazungu. Mimi nilikuwa natafuta bidoni, lile dumu la maji. Nikuambie ukweli, mkono wangu ulikuwa unapapasa chini ya kiti, unatafuta mshikio wa bidoni ya maji. Mama aliyeketi karibu nami akauliza kama nimeangusha kitu.

Nilimwambia ni kalamu, maana sikujua ningeanzia wapi. Wewe angalau una nafasi ya kunisikiliza.

Nilikuwa mtoto, na tulikuwa wageni Goma, mashariki mwa Kongo. Papa, yaani baba yetu, alikuwa ametushusha kutoka milima ya Masisi, Mama, mimi na mdogo wangu wa kike Riziki, ambaye huniita Yaya kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, akatupangia chumba cha mbao juu ya mawe ya volkano, yale mawe meusi yanayokula viatu na magoti ya watoto. Kabla hajarudi kuangalia ng'ombe na maharage tuliyoyaacha, alitukalisha kitandani akatupa sheria moja, ya siku tutakaposikia risasi. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo aliirudia mpaka nikaanza kupiga miayo.

"Mukisikia masasi, musitafutane," alisema. "Kila mutu akimbie na kile kiko mu mukono yake. Tutakutana ku Kituku, pale banauzishaka samaki. Mwenye atafika wa kwanza, angoje benzake. Hata miye nikiwa mbali, nitawakuta pale."

Riziki akamuuliza, "Na weye, Papa, utakuya na nini?"

"Nitakuya na kiu," Papa akacheka. "Unitunzie maji."

Akaondoka asubuhi yake. Msimu wa mvua ukapita, ukaja mwingine, na hatukupata habari yoyote. Waliokuja kutoka kule milimani walisema kijiji chetu hakina mtu, basi, hakuna aliyeona zaidi ya hapo. Nasi kwetu kilio cha msiba hakikalishwi hivihivi. Kinataka maiti, au angalau mtu wa kusema niliona kwa macho yangu. Mama hakuwa na maiti wala shahidi, kwa hiyo koti la Papa likabaki kwenye msumari wake, na tukiuliza, Mama alijibu huku akitazama sufuria: "Papa yenu iko mu njia." Nilimwamini. Riziki alimwamini kunishinda.

Ukuta wetu wa mbao ndio uliokuwa pia ukuta wa Papa Sumaili. Huyu, aliyeitwa Papa kwa heshima tu, alikuwa mfanyabiashara mwenye asili ya Maniema, mwenye kofia safi na kicheko cha kuwaazima watu wote, na katika chumba chake alikuwa na televisheni moja, mashine ya michezo, na benchi lililochubuka. Mwanzoni vijana walicheza mpira tu. Kisha ukaja ule mchezo wa vita. Kasha lake lilikuwa na alama ya kuwakataza watoto, lakini aliyekuwa akilishika ni nani kama si watoto wenyewe, nao waliiona alama ile kama sifa.

Kwa miezi mtaa haukuzungumza kingine. Pasta alihubiri kwamba mtoto anayeua kwa kidole kesho ataua kwa panga. Akina mama walikwenda mlangoni kwa Papa Sumaili kuwavuta watoto wao masikio. Yeye aliwakaribisha kwa heshima zote, akawaambia, "Ba mama, hii ni picha tu. Damu yake hainuke." Wakazidi kukasirika. Mama yangu peke yake hakugombana naye habari ya damu. Aligonga ukuta kwa mwiko na kusema, "Sauti, Papa Sumaili. Sauti tu."

Haikusaidia sana, basi tukazoea. Mimi na Mama tulifika mahali pa kujua mlio upi unafuatwa na muziki wa ushindi na upi unafuatwa na matusi ya vijana. Riziki hakuzoea. Mchezo ukianza alijiziba masikio, akachukua bidoni yake ndogo ya manjano, akaenda bombani hata kama maji ndani yalikuwa tele.

Ijumaa moja mchana alikuwa huko huko bombani. Papa Sumaili alikuwa amepata spika mpya, kubwa kama kabati, na ili vijana wa mtaa wa pili nao waisikie, akaiweka mlangoni ikitazama barabara. Mimi na Mama tulikuwa tunamenya viazi. Mlio wa kwanza ulitikisa sahani. Mama akasonya, akaendelea kumenya.

Kisha tukasikia miguu. Kama umekulia Goma unaijua sauti ile, sauti ya watu wengi wanaokimbia bila kusemezana. Tulipotoka nje, mtaa mzima ulikuwa mguu niponye. Magodoro yalikuwa vichwani, watoto migongoni. Mtu mmoja alitoka kwa kinyozi na nusu ya nywele zake. Katekista wetu alipita na kuku kwapani, na kuku hakuwa wake, mkewe akimfuata nyuma akimwita kwa jina la ubatizo. Mama alisimama katikati ya barabara akipiga kelele kwamba ni mchezo tu, "Ni jeu! Batu, ni jeu tu!" Nani angesimama kumsikiliza? Hata Papa Sumaili, aliposikia watu wakilia kwamba vita imeingia, alizima mashine yake, akachukua kofia, akakimbia naye. Alikimbia mchezo wake mwenyewe. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nyumba iliyokuwa karibu kuliko zote na zile risasi ndiyo pekee ambayo haikukimbia.

Umati uliteremkia Birere, kuelekea mpakani. Jua lilipoanza kupoa watu walirudi mmoja mmoja, wakikwepana macho. Riziki hakurudi.

Mama alikwenda Birere, kwenye maduka yaliyofungwa na mbele ya walinzi wa mpaka. Alikwenda parokiani ambako watoto waliopotea hukalishwa kwenye ngazi, akawatazama usoni wote, mpaka wavulana. Alikwenda hospitali. Nilimfuata nimeshika kitenge chake, nikijuta kicheko changu cha mchana. Giza likatufunga ndani, kwa kuwa giza la Goma halitembewi, na Mama aliketi akiegemea mlango mpaka kukapambazuka. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu mzima asiyejua la kufanya. Nilitaka kufa.

Jumamosi asubuhi ilikuwa salongo, siku ya watu wote kusafisha mitaro. Siku hiyo mitaro ilingoja. Watu walikuja na majembe yao mpaka kwa Papa Sumaili, na wasiokuwa na majembe waliokota mawe, maana mawe Goma hayatafutwi. Shefu wa avenyu, mkuu wa mtaa wetu, alipanda juu ya benchi. Mama alipita kati yao akiuliza, "Hamuyamuona Riziki? Mutoto wa bidoni ya manjano?" Na kila aliyemuuliza alimjibu habari za mchezo. "Unaona, mama? Si tulisema? Hii jeu itamaliza batoto!" Walimwonea huruma kweli, lakini hawakumsikia.

Papa Sumaili alitoa televisheni mwenyewe, ameikumbatia, machozi yanamtoka. "Nisameheni sauti," alisema. "Lakini musiseme nafundisha batoto kuuana. Hawauane tu mule. Bale ba kundi moya, wakitawanyika, kila mutu anakimbilia fasi walipatana. Mwenye anafika wa kwanza anangoja benzake. Hata akipigwa, hatoke pale, anangoja."

Watu wakamzomea. Mama akamshika mkono. "Unasema nini? Rudilia."

"Anangoja benzake, mama."

Mama akanivuta kwa nguvu hata bega likalia, tukaanza kukimbia, si kuelekea Birere bali upande ule mwingine, upande wa ziwa. Kwetu sisi hakukuwa na vita siku ile, kwa hiyo sheria ya Papa haikutujia kichwani. Riziki alikuwa ameisikia vita, na ameifuata sheria.

Kituku mitumbwi ilikuwa imekwisha kuingia na wanawake walikuwa wamepanga mabeseni ya sambaza, dagaa wa ziwa lile. Alikuwa katikati yao, juu ya jiwe, amefunikwa kitenge cha mtu, amekumbatia bidoni. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Muuza samaki mmoja, mama mnene mwenye magamba mpaka kwenye nyusi, alituambia, "Huyu mutoto amelala kwangu, na mapema amerudi tu hapa. Nimemupa samaki, amekula. Maji yake anakataa kunywa. Anasema ni ya papa yake."

Riziki hakutukimbilia. Alichungulia nyuma yetu, kwanza upande wangu, kisha upande wa Mama.

"Mama, Papa bado," alisema. "Tungoje."

Mama alikaa chini pale pale kwenye mawe yenye maji ya samaki. Alichukua bidoni, Riziki akaiachia kwa shida. Akafungua, akamnawisha Riziki uso na mikono, akaninawisha mimi, akanawa yeye. Kisha akamwaga maji yaliyobaki chini, taratibu, yote. Riziki akapiga ukelele, "Ya Papa! Ya Papa!" Mama akafungua kitambaa cha kichwa, akanyoosha miguu, akalia kwa sauti ambayo sikuwa naijua. Wale wanawake wakaacha mabeseni yao. Hakuna aliyeuliza kitu. Walikuja wakaketi kumzunguka, miguu wameinyoosha, nao wakalia, na mimi niliona aibu nikatazama ziwa. Nilidhani ni uchungu wa kumpoteza Riziki ndio unamtoka, uchungu wa usiku kucha, na kwamba Riziki analilia maji yake tu.

Tuliporudi, televisheni ilikuwa vipande. Walikuwa wameimwagia petroli wakaiwasha, na watoto walikuwa wakiokota nyaya katika moshi. Pasta alikuwa anashukuru. Watu walionekana kama wametoka kazini, wamechoka lakini wameridhika, na mwaka ule sikuwaelewa. Sisemi ule mchezo ulikuwa mzuri. Mwanangu hataucheza nyumbani kwangu, na atanuna mpaka achoke. Lakini leo ninaelewa, na nikielewa ninakasirika. Kati ya vita vyote vilivyotutoa vitandani, vile ndivyo pekee vilivyokuwa na mlango wa kugonga na mwenyewe wa kuomba msamaha. Wangekwenda kumgongea nani mwingine?

Mama aliingia ndani, akaondoa koti la Papa kwenye msumari, akalikunja. Hakusema tena kwamba yuko njiani.

Nilikuwa mtu mzima tayari, na watoto, nilipokwenda Ndosho, pembeni mwa Goma, kwenye kilio cha shangazi yangu. Tulipotoka makaburini waliweka beseni la maji mlangoni, tukanawa mmoja mmoja, wanawake wakafungua vitambaa, wakaketi chini na kunyoosha miguu. Nikasimama pale na maji yananitiririka mikononi. Watu walidhani namlilia shangazi.

Baada ya kikao kile cha shule nilimpigia Riziki simu. Nilimweleza habari ya jenereta na mkono wangu chini ya kiti. Kisha, kwa mara ya kwanza, nikamwambia nililolielewa Ndosho, kwamba siku ile Kituku Mama alikuwa anamzika Papa. Nilikuwa naogopa kumwambia.

"Yaya," akasema, "miaka yote hii weye ulifikiri nililia maji?"