Kola na Kifua

Dobi bado anamkumbuka yule tapeli wa mtaani, mwenye sauti ya kumtoa nyoka pangoni, aliyewauzia watu viwanja visivyo vyake. Kila asubuhi alileta shati lilelile jeupe, akaegemea mlango, huku akijipapasa vidole vyake laini visivyojua sulubu.

"Piga pasi kola na kifua tu, kaka. Mgongo utafunikwa na koti."

Dobi alicheka kila mara, kana kwamba mzaha ni mpya.

Asubuhi moja tapeli aliingia, akalilaza shati mezani, mgongo juu.

"Leo lipige lote."

"Umempata tajiri gani?"

"Namzika mama. Pale kaburini nitavua koti, nishike jembe."

Hadi leo, dobi akipata shati jeupe, huanzia mgongoni.